Mbwa wa lindo: Dawa nyingi, kipimo hakuna

Na Mwandishi Wetu, Tanga

MFANYABIASHARA wa Nguvumali hapokei gunia la mahindi bila kulipandisha kwenye mizani. Hapokei dumu la mafuta bila kutazama kizibo. Lakini anapokwenda kwenye duka la dawa za mifugo kumtafutia dawa mbwa anayelinda ghala hilo hilo, husema tu kwamba anataka dawa ya minyoo ya "mbwa wa kati".

Kwa maneno hayo fedha hutoka mfukoni bila hesabu. Mbwa hajapimwa uzito, kinyesi chake hakijatazamwa, na tarehe ya dozi iliyopita haikumbukwi na mtu yeyote pale dukani.

Hasara hapo ni za aina mbili. Ya kwanza ni kununua dawa ambayo mbwa haihitaji. Ya pili, ambayo ni kubwa zaidi, ni kununua dawa anayoihitaji na kumpa pungufu, hivyo fedha zikatumika na minyoo ikabaki.

Katika kata kama Nguvumali, ndani ya Jiji la Tanga, mbwa si pambo. Mwenye duka, gereji au yadi ya mbao akifunga saa moja usiku, mali yake hubaki kwa mlinzi na mbwa. Mbwa mwenye homa ya kupe hulala. Mwenye safura hana damu ya kumkimbiza mwizi. Kwa hiyo afya yake ni sehemu ya gharama za ulinzi, na inastahili hesabu kama gharama nyingine zote.

MBWA ASIYEGUSWA

Tatizo la pwani lina sura yake. Kwa Waislamu walio wengi hapa, mate ya mbwa ni najisi, na mbwa hufugwa nje kwa kazi ya ulinzi au uwindaji, jambo ambalo dini imeliruhusu. Hakuna anayempakata. Chakula huwekwa kwenye kopo, naye huitwa kwa mbali.

Utaratibu huo hauna kosa, lakini una matokeo. Mbwa asiyeguswa hatazamwi masikio wala katikati ya vidole, na kupe huonekana pale tu wanapokuwa wamevimba kama kunde. Dawa imechukua nafasi ya jicho: kwa kuwa hakuna anayejua mbwa ana nini, hupewa kila kitu, kila mwezi, kwa kubahatisha.

Njia rahisi ni kumkabidhi mtu mmoja kazi hiyo, hasa mlinzi aliyezoeana na mbwa, na kumpa glavu za mpira, kibanio na brashi yenye mpini. Dakika 5 za kila jioni hutoa habari ambazo hakuna chupa dukani inayoweza kuzitoa.

MINYOO: PIMA KWANZA

Minyoo ya tumboni ndiyo mahali ambapo fedha nyingi zinaweza kuokolewa bila kumhatarisha mbwa, kwa sababu ipo njia ya kuhakiki. Kinyesi kibichi kikipelekwa maabara, mayai ya minyoo huonekana kwa hadubini. Jibu moja la "hakuna mayai" halimalizi shaka, hasa kwa tegu ambaye vipande vyake hutoka kwa vipindi, lakini majibu kadhaa kwa mwaka hutoa picha ya kuaminika.

Umoja wa wataalamu wa vimelea vya mifugo barani Ulaya, ESCCAP, hushauri kwamba mbwa mzima ambaye hali yake haijulikani apewe dawa ya minyoo angalau mara 4 kwa mwaka, au kinyesi chake kipimwe badala ya dawa. Dozi ya kila mwezi imewekwa kwa mbwa wenye hatari kubwa zaidi, kwa mfano wanaokula nyama mbichi au kuishi karibu sana na watoto wadogo.

Tuchukue mfano wa mbwa wa kilo 20 na dawa ambayo kidonge kimoja hutosha kilo 10. Akipewa kila mwezi, vidonge ni 24 kwa mwaka. Akipewa mara 4, ni 8. Tofauti ni vidonge 16, yaani theluthi mbili ya matumizi yote. Msomaji azidishe kwa bei ya duka lake, kisha alinganishe na gharama ya kupima kinyesi.

Sasa tugeuze mfano. Mbwa yule yule, kumbe, ana kilo 30, ila mwenyewe alikisia 20. Vidonge 2 alivyopewa ni theluthi mbili ya dozi. Minyoo dhaifu hufa, yenye nguvu hubaki na kuzaa. Hapo ndipo usugu wa dawa unapoanzia.

Usugu huo si nadharia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, waliripoti minyoo ya safura ya mbwa iliyokuwa haifi kwa makundi matatu ya dawa kwa pamoja. Kesi nyingi zilihusishwa na mbwa wa mashindano ya mbio, aina ya Greyhound, ambao kwa miaka mingi walipewa dawa mara kwa mara kama kawaida ya kazi. Wenye mbwa walinunua dawa nyingi kuliko wengine, na mwisho wake wakabaki na minyoo isiyosikia dawa.

Mizani, basi, ndiyo kitega uchumi cha kwanza. Mwenye ghala tayari anayo. Ubao mpana uwekwe juu ya mizani, mbwa avutwe kwa chakula apande, uzito wa ubao utolewe, kisha ubao uoshwe. Kwa mbwa mdogo, mtu apande naye kwenye mizani ya kawaida, kisha apande peke yake na kutoa tofauti.

KOLEO NA LANGO

Gharama nyingine ndogo ni koleo. Mayai ya minyoo ya mviringo ya mbwa hayaambukizi siku yanapotoka. Huhitaji wiki kadhaa ardhini ili yakomae, na yakishakomaa huweza kudumu muda mrefu sana. Mayai ya safura huanguliwa haraka zaidi katika mchanga wenye joto na unyevu, na ndani ya wiki moja hivi vijiminyoo huwa tayari kupenya ngozi.

Maana yake ni kwamba kinyesi kinachoondolewa kila siku na kufukiwa huondoa ugonjwa kabla haujawa ugonjwa. Kinachoachwa uani wiki nzima wakati wa masika humrudishia mbwa minyoo aliyotolewa jana, na mwenye mbwa hurudi dukani kulalamika kuwa dawa ni feki.

Hapo wamo watoto pia. Vijiminyoo vya safura ya mbwa hupenya miguu mitupu ya mtoto anayecheza mchangani na kuchora mistari inayowasha chini ya ngozi. Mayai ya minyoo ya mviringo yakiingia mdomoni kwa mikono michafu, vijiminyoo vyake huweza kusafiri hadi kwenye ini au jicho. Bili ya hospitali haiandikwi kwenye daftari la mbwa, lakini chanzo chake ni pale pale uani.

Gharama ya tatu ni lango linalofungwa. Mbwa anayezurura na kula matumbo mabichi machinjioni huokota tegu, na huyo kweli huhitaji dawa mara kwa mara. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambako uvimbe wa maji unaosababishwa na tegu wa mbwa uliwatesa watu kwa wingi, shirika la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti mwaka 1983, na mbwa walikuwa shabaha mojawapo.

Dawa ya praziquantel inayoua tegu haina ulinzi wa kesho. Humaliza walio tumboni leo, na mbwa akila tena matumbo mabichi huambukizwa upya. Chakula kilichochemshwa na lango lililofungwa hupunguza vidonge bila kuongeza hatari.

KUPE: HAPA USIBANE SANA

Wafanyabiashara wasichukue hesabu ya minyoo wakaihamishia kwa kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa huishi vizuri katika joto la Tanga mwaka mzima, na hueneza vijidudu vinavyoharibu damu. Baadhi ya vijidudu hivyo huingia mwilini ndani ya saa chache baada ya kupe kung'ata, hivyo kutoa kupe kwa mkono kila jioni husaidia sana lakini hakutoshi peke yake.

Kwa hiyo mbwa wa pwani huhitaji kinga ya kupe ya kudumu. Akiba hapa haipatikani kwa kuacha dawa, bali kwa kuchagua moja inayofaa na kufuata siku zilizoandikwa kwenye lebo. Kumvalisha mkanda wa dawa, kumwogesha kwa dawa nyingine na kumpa kidonge cha tatu ndani ya wiki moja ni kulipa mara tatu kwa kazi moja, na pia ni kumwongezea sumu.

Vidonge vya kundi jipya vilivyoanza kuuzwa duniani kati ya 2013 na 2014, kama vile vya fluralaner na afoxolaner, vina nguvu. Fluralaner hufanya kazi wiki hadi 12 kwa kidonge kimoja, hivyo bei yake igawanywe kwa wiki kabla ya kusema ni ghali. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari Septemba 2018 kuwa dawa za kundi hilo huweza kuleta degedege kwa baadhi ya mbwa. Mbwa aliyewahi kuanguka kifafa asipewe bila ushauri wa daktari wa mifugo.

Jambo linalosahaulika ni banda. Kupe huyu hunyonya, huanguka, hupanda ukutani na kujificha kwenye nyufa, na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai. Akiwa na njaa huweza kusubiri miezi mingi. Mwenye banda la mbao chakavu au ukuta uliopasuka ananunua dawa ya mbwa huku kiwanda cha kupe kikiendelea nyuma yake. Saruji ya kuziba nyufa hununuliwa mara moja.

Viroboto nao ni hivyo hivyo. Mayai yao hudondoka pale mbwa anapolala, na mabuu yao hukulia kwenye vumbi. Kufagia, kuchoma takataka na kuosha gunia analolalia ni sehemu ya tiba. Aidha, mbwa anayemeza kiroboto aliyeambukizwa hupata tegu, hivyo anayeshinda viroboto hupunguza pia dawa ya minyoo.

SINDANO YA NG'OMBE

Tanga ni mkoa wa maziwa, na dawa za ng'ombe zimejaa madukani. Hapo ndipo penye kishawishi kikubwa: chupa moja ya ivermectin ya ng'ombe, kwa bei nafuu, imchome ng'ombe na mbwa pia.

Hesabu yake inatisha. Dawa ya kawaida ya ng'ombe ina miligramu 10 katika mililita 1, na ng'ombe hupewa mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Mbwa anayekingwa dhidi ya minyoo ya moyo hupewa mikrogramu 6 kwa kilo, mara moja kwa mwezi. Kipimo cha ng'ombe ni zaidi ya mara 30 ya hicho.

Kwa mbwa wa kilo 10, mikrogramu 60 zinazohitajika ni sawa na mililita 0.006 ya dawa ya ng'ombe. Hakuna bomba la sindano dukani linalopima kiasi hicho. Anayechoma "tone dogo" anakisia, na akikosea anakosea kwa mara kumi au ishirini.

Mbwa wengi wa kienyeji huweza kustahimili, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Lakini mbwa wa aina ya Collie na baadhi ya jamaa zake wana kasoro ya jeni, iliyotambuliwa mwaka 2001, inayoruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Kwa mbwa chotara anayenunuliwa mjini kwa ajili ya ulinzi, hakuna anayejua babu yake alikuwa nani.

Ivermectin yenyewe ni dawa ya heshima. Ilianza kuuzwa kwa mifugo mwaka 1981, na wagunduzi wake, William Campbell na Satoshi Ōmura, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wakazi wa Tanga wanaifahamu kutokana na kampeni za kumeza dawa dhidi ya matende na mabusha zilizoanza mkoani mwaka 2004. Hata katika kampeni hizo, mtu hupimwa kwanza urefu kwa kijiti ndipo apewe idadi ya vidonge. Kama binadamu anapimwa, mbwa naye apimwe.

Tahadhari nyingine ni hizi: albendazole ya binadamu huweza kudhuru uboho wa mbwa, oili chafu na mafuta ya taa huunguza ngozi na kuingia mwilini anapojiramba, kitunguu saumu kwa wingi huharibu chembe za damu yake. Dawa ya mbwa yenye permethrin ni sumu kali kwa paka, na Tanga haina uhaba wa paka.

MINYOO YA MOYO: USIANZE GIZANI

Minyoo ya moyo huenezwa na mbu, na pwani mbu wapo. Lakini dawa ya kinga haitolewi kwa mbwa mzima kabla ya kupima damu. Mbwa ambaye tayari ana minyoo akipewa dawa, vijiminyoo vingi huweza kufa kwa mkupuo ndani ya damu na mbwa akapata mshtuko.

Kupima nako kunahitaji mtaalamu. Mwaka 1958, wanasayansi Buckley, Nelson na Heisch walieleza mnyoo waliouita Brugia patei kutokana na paka na mbwa wa kisiwa cha Pate, pwani ya Kenya. Mnyoo huo nao hutoa vijiminyoo kwenye damu, lakini haukai moyoni. Kuona kitu kinachojinyonga chini ya hadubini, kwa hiyo, hakutoshi kumwanzishia mbwa wa mwambao tiba nzito ya moyo. Lazima ijulikane ni mnyoo gani.

SOMO LA UNGUJA

Tanga yenyewe ina mfano bora wa kushinda vimelea kwa kuhesabu. Kati ya 1994 na 1997, taasisi ya utafiti wa ndorobo iliyoko Tanga ilizalisha mbung'o madume waliofanywa tasa kwa mionzi, na zaidi ya milioni 8 wakamwagwa kwa ndege kisiwani Unguja kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki.

Kabla ya hapo, dawa zilitumika kupunguza mbung'o kwa mpango maalumu. Mitego ilihesabiwa muda wote wa kazi. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na Unguja ikatangazwa kuwa huru mwaka 1997. Dawa ilitumika pale ilipohitajika, ikahesabiwa, ikafika mwisho wake. Mfugaji wa Unguja hakununua tena dawa ya nagana kwa sababu ya mazoea.

Yadi ya Nguvumali haihitaji ndege. Inahitaji tabia ile ile: kuhesabu kwanza.

PASIPOKATWA

Zipo gharama ambazo haziguswi. Watoto wa mbwa huzaliwa mara nyingi wakiwa na minyoo kutoka kwa mama yao. Hao hupewa dawa kuanzia umri wa wiki 2, kila baada ya wiki 2 hadi wiki 2 baada ya kuachishwa kunyonya, kisha kila mwezi hadi miezi 6, kwa dawa na kipimo cha watoto.

Chanjo ya kichaa cha mbwa nayo si dawa ya kupunguza. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua, na mbwa wa lindo ndiye anayeuma watu kwa kazi yake. Mbwa anayekataa chakula, mwenye ufizi uliopauka, anayekojoa mkojo mwekundu au anayekohoa na kuchoka haraka apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, si kwa muuza duka.

Dawa inunuliwe ikiwa na lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi, na iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Dawa inayomiminwa kwenye chupa ya soda haina bei, hata ikitolewa bure.

UKURASA MMOJA

Kwa mfanyabiashara anayetaka kuanza wiki hii, kazi ni chache. Apime uzito wa mbwa na kuuandika. Amuulize bwana mifugo wa kata kinyesi na damu hupimwa wapi na kwa bei gani. Azibe nyufa za banda na afunge lango. Ampe mlinzi glavu, kibanio na koleo.

Kisha afungue ukurasa mmoja katika daftari la mali, wenye safu nne: tarehe, uzito, kilichoonekana, kilichotolewa. Safu ya tatu ikiwa tupu, ya nne isijazwe kwa minyoo. Kwa kupe, ijazwe kwa siku za lebo.

Mwisho wa mwaka ukurasa huo utaonyesha vidonge vilivyonunuliwa na sababu ya kila kimoja. Kama sababu haipo, fedha hiyo ibaki dukani ifanye biashara.